Mhitimu mwenye 150,000: suti moja mpya au nguo kadhaa za mtumba za Mlango Mmoja?

Mhitimu Malimbe: Habari zenu wakubwa. Nimemaliza chuo, nimeitwa kujitolea kwenye ofisi moja mjini kuanzia tarehe moja. Kabatini nina jinzi na fulana za chuo tu. Akiba yangu ni 150,000 na sioni nyingine inayokuja. Binamu yangu anasema ninunue suti moja ya dukani, nianze na heshima. Mimi nawaza soko la mitumba la Mlango Mmoja hapa Mwanza: mashati manne, suruali mbili za kitambaa, kiatu. Nina siku tisa. Nishaurini.

Fundi Igoma: Mwanangu, wiki ya kazi ina siku tano. Suti utaivaa Jumatatu, Jumanne je? Wahi asubuhi beli linapofunguliwa, kabla wenzako hawajachambua. Shati liinue juani: kitambaa kikiwa chepesi mgongoni na kwenye viwiko, liache. Angalia kola kwa ndani, na kwapani. Kiuno napunguza, mguu nakata, mkono nafupisha. Bega usiniletee. Koti likikupwaya begani, kulirekebisha ni kulifumua lote, na hela yake inapita bei uliyolinunulia.

Capripoint: Mimi nimekaa upande wa wasaili zaidi ya mara moja. Kijana anaingia, kola imegeuka njano, shati limepauka, hata hajafungua mdomo umeshamwona. Ukivaa kama mtu anayekwenda kupakua dagaa soko la samaki la Mwaloni, utachukuliwa hivyohivyo. Nunua kitu kimoja kizuri, kipya.

Nyegezi Kona: Na asikope kwa ajili ya suti. Akipata ajira kamili, kama alisoma kwa mkopo, Bodi ya Mikopo wanakata 15% ya mshahara wa msingi. Mimi mwezi wa kwanza niliona ile hati ya mshahara nikakaa chini.

Binti Kirumba: Kaka Capripoint, turudi kwenye dagaa. Mama yangu anauza dagaa Mwaloni tangu sijazaliwa. Saa kumi alfajiri yuko pale anasubiri boti za visiwani, kajifunga kanga mbili na sweta la mtumba. Ada yangu ya miaka mitatu imetoka kwenye yale magunia. Siku ya mahafali alivaa gauni la kitenge alilomlipa fundi kwa mafungu matatu, na mikono ameisugua kwa ndimu tangu usiku ili nisione aibu. Niambie, yeye alikosea wapi?

Capripoint: Dada, sijamtaja mama yako. Nilisema kila kazi ina vazi lake.

Binti Kirumba: Hukusema hivyo. Umesema "utachukuliwa hivyohivyo". Mama yangu anachukuliwaje?

Nyegezi Kona: Naona kaka alikuwa na nia njema, ila mfano ndio umeharibu.

Binti Kirumba: Mfano ndio unaoonyesha mtu anawazaje.

Mkulima Kwimba: Mnagombana kwa dagaa wakati kidonda ni pamba. Mzee wangu amelima pamba maisha yake yote. Utafiti wa mbegu unafanyika Ukiriguru, Misungwi hapo. Tunavuna, tunachambua hapahapa, halafu sehemu kubwa inapanda meli, na shati linaturudia likiwa limeshavaliwa na mtu wa Ulaya. Kiwanda cha nguo cha Mwatex kilikuwa kinafuma hapa Mwanza! Mitumba ndiyo imetuua. Marais wa Afrika Mashariki walishakubaliana ikome, 2018 kama sikosei.

Bugando Mtaani: Ni Machi 2016, mzee wangu. 2019 ndio ulikuwa ukomo. Marekani wakatishia kututoa AGOA, ule mpango wao wa kuziruhusu nchi za Afrika kuuza bidhaa kwao bila ushuru, sisi na Uganda tukarudi nyuma. Rwanda wakashikilia kodi yao, kutoka senti 20 hadi dola 2.50 kwa kilo, na mwaka 2018 nguo zao zikasimamishiwa msamaha wa ushuru Marekani. Na viwanda vyetu vilianza kuyumba mapema miaka ya themanini kwa kukosa vipuri na fedha za kigeni, kabla beli halijajaa mitaani.

Mkulima Kwimba: Vipuri vingenunuliwa kama tungekuwa tunavaa vya kwetu. Nimeiona pamba imelala sebuleni msimu mzima tukisubiri malipo, tunalala juu yake. Usinifundishe pamba, kijana.

Muuza Beli: Mzee shikamoo. Mimi nauza mitumba, nina watoto wawili shule. Beli nanunua bila kuliona ndani. Mwezi uliopita nilipata la mashati, karibu nusu yana madoa, mtaji ukalala pale. Hiyo pamba ikifumwa hapa na shati liuzwe 7,000, nitaliuza mimi wa kwanza. Leo halipo.

Mkulima Kwimba: Marahaba. Hapo umesema neno.

Mhitimu Malimbe: Nimetoka Mlango Mmoja leo. Mashati manne 26,000, moja jeupe ni pamba tupu. Suruali mbili 22,000. Kiatu cheusi cha ngozi 35,000, soli imeshonwa, nimeikunja mara tatu haikupasuka. Soksi, mkanda na nguo za ndani mpya dukani, 20,000. Fundi, suruali zote mbili zinaburuza chini kidogo, nikuletee lini?

Fundi Igoma: Kesho kabla ya saa nne. Njoo na kiatu hichohicho utakachovaa, nipime ukiwa umekivaa.

Capripoint: Dada wa Kirumba, nimekutumia ujumbe pembeni.

Binti Kirumba: Nimeuona, na nimeusoma wote. Uandike hapa, kaka. Hapa ndipo ulipomsema.