Ukuta wa mtaa: nani aamue kinachochorwa, na nani autunze baadaye?

Mwanamtaa

Wanajukwaa, salamu kwenu nyote. Kamati ya wakazi ambayo mimi ni katibu wake imekubaliwa na mwenye jengo kuchora ubavu mzima wa ghorofa tatu unaotazama barabara kubwa. Fedha za rangi na za jukwaa la kupandia zimepatikana, na mchoraji mzoefu yuko tayari kutuongoza. Kilichotukwamisha ni mchoro wenyewe.

Wazee wanataka sura za watu walioujenga mtaa, ili watoto wanaopita hapo kila siku wawajue. Vijana wanasema kwamba ukuta huo ni wao, kwa kuwa sehemu yake ya chini wamekuwa wakiipulizia grafiti, yaani maandishi na michoro ya rangi za kopo, kwa miaka mingi, na kwa haki kabisa baadhi ya kazi zao zina ufundi ambao watu wazima hawajajipa muda wa kuutazama. Mwenye jengo naye angependa maua na ndege, yaani kitu ambacho hakitamletea maneno. Katika mkutano uliopita mtu mmoja alipendekeza tupige kura, lakini nahofia kwamba upande utakaoshindwa hautauona ukuta huo kuwa wake, na mchoro wa jamii ambao nusu ya jamii imeukataa sijui tutauitaje.

Naomba kuuliza mambo mawili. Kwanza, waliowahi kufanya kazi ya aina hii walifikiaje uamuzi juu ya kitakachochorwa? Pili, ni mambo gani tunapaswa kuyamaliza kabla ya kupaka rangi, ili kazi isije ikafutwa au kubanduka baada ya mvua za kwanza?

Brashi Pana

Ndugu Mwanamtaa, nimeongoza kazi kadhaa za namna hii, na msimamo wangu ni kwamba mikutano ya wakazi ni sehemu ya mchoro kama ilivyo rangi. Kwa hiyo msiharakishe kura. Kura inafaa pale ambapo michoro miwili iliyokamilika iko mezani na yote miwili imetokana na mazungumzo ya watu wote. Ikipigwa mapema huwapa walio wengi ukuta na kuwapa waliobaki sababu ya kuuchukia.

Ninachoshauri ni kwamba katika mkutano wa kwanza msiwaulize watu wangependa kuona nini ukutani, kwa sababu kila mtu atataja kitu alichokwisha kukiona mahali pengine. Waulizeni nini kilitokea hapa: nani aliishi wapi, kiwanja kile kilikuwa nini kabla ya kujengwa, watu walikusanyika wapi wakati wa shida. Mchoraji akae pembeni akiandika na kuchora haraka haraka. Mkutano wa pili arudi na michoro ya penseli iliyotokana na yale aliyoyasikia, na watu waisahihishe mbele yake. Mara nyingi hapo ndipo mzee na kijana hugundua kwamba walikuwa wakizungumzia jambo lilelile.

Kuhusu sura za mashujaa, chukueni funzo la Wall of Respect, ukuta uliochorwa Chicago mwaka 1967 na kikundi cha wasanii Weusi, ambao wengi huutaja kuwa chanzo cha harakati za michoro ya jamii nchini Marekani. Wasanii hao waligawa ukuta katika sehemu, kila sehemu na mashujaa wake: wanamuziki, wanamichezo, waandishi, viongozi na wengineo. Wakazi waliulinda na kuupenda sana, lakini hata hapo uchaguzi wa majina ulileta ubishi, na sehemu ya viongozi ilifutwa na kuchorwa upya na msanii mwingine, jambo lililoacha uchungu ndani ya kikundi. Jengo liliungua mwaka 1971, kisha likabomolewa. Mkichora sura, basi amueni mapema nani ana mamlaka ya kuongeza au kubadilisha sura baadaye, na kama mhusika au familia yake ipo, ombeni idhini yake.

Kuhusu vijana, nawasihi msiwafanye kuwa tatizo la kuondolewa. Philadelphia ilianza mwaka 1984 na mpango wa meya wa kupambana na grafiti, na mchoraji Jane Golden aliajiriwa kuwafikia vijana waliokuwa wakiandika kutani. Aliona ndani yao wachoraji. Kazi ile ilikua ikawa Mural Arts Philadelphia, mpango wa michoro ya ukutani, na leo mji huo una maelfu ya michoro. Kule Los Angeles, Judith Baca alianza mwaka 1976 kuchora historia ya California katika mfereji wa zege wa kuzuia mafuriko, akiwashirikisha vijana zaidi ya 400, wengi wao wakiwa wamekwisha kuingia matatani na polisi, na kazi hiyo ikafika urefu wa takriban mita 840. Vijana hao walifanya utafiti wa historia wao wenyewe kabla ya kushika brashi. Mtu aliyepewa kazi ya maana hulinda kile alichokifanya, na sijaona ulinzi wa ukuta ulio bora kuliko huo.

Lipo pia jambo la ufundi linalosaidia ushirikishwaji. Si kila mkazi anaweza kupanda jukwaa hadi ghorofa ya tatu. Wachoraji wa Philadelphia hutumia kitambaa chepesi kisichofumwa: mchoro hugawanywa katika miraba, kila mraba hupakwa rangi mezani, shuleni, katika kituo cha wazee au hata gerezani, kisha vipande vyote hubandikwa ukutani kwa gundi ya akriliki. Bibi asiyeweza kupanda ngazi anaweza kuonesha kwa kidole mahali alipoweka rangi yake.

Fundi Lipu

Mimi nitajibu swali la pili tu, kwa sababu kazi nyingi nzuri nimeziona zikiharibika kutokana na ukuta wala si kutokana na mchoraji.

Kagueni ukuta kabla ya kununua hata kopo moja. Maji yanatoka wapi? Mfereji wa paa ukivuja, au unyevu ukipanda kutoka kwenye msingi, maji hubeba chumvi iliyomo ndani ya matofali na lipu, na yanapokauka chumvi hiyo hutokeza juu kama unga mweupe na kuisukuma rangi hadi ibabuke. Hakuna rangi ya gharama yoyote itakayotibu hilo. Tengenezeni mfereji na paa kwanza. Gongeni ukuta kwa mpini wa nyundo sehemu kwa sehemu. Panapotoa mlio wa uwazi, lipu imeachana na tofali na lazima ibanduliwe na kupigwa upya. Lipu mpya ya saruji ina ukali wa alikali unaounguza baadhi ya rangi, hivyo ipewe takriban siku 28 ikomae kabla ya kupakwa.

Kwa rangi, wengi hutumia akriliki ya nje juu ya praima (rangi ya kwanza ya kutayarisha ukuta) inayostahimili alikali, na hiyo inatosha kwa ukuta uliokwisha kupakwa rangi. Ukuta wenu ukiwa na lipu tupu ambayo haijawahi kupakwa, fikirieni rangi ya silikati, ambayo Mjerumani Adolf Wilhelm Keim aliipatia hataza mwaka 1878. Hiyo hushikana na lipu kwa njia ya kemia na huuacha ukuta upumue, kwa hiyo unyevu hutoka bila kubandua rangi. Ila haishiki juu ya rangi ya zamani ya mafuta au ya akriliki. Angalieni pia jua. Ukuta unaopigwa na jua mchana kutwa hula rangi, hasa nyekundu na njano zenye kung'aa, ilhali rangi zitokanazo na oksidi za chuma, yaani hudhurungi, nyekundu ya udongo na njano ya udongo, hudumu muda mrefu zaidi. Mchoraji wenu alijue hilo wakati wa kuchagua, wala asiliache liwe jambo la kushangaza miaka mitano baadaye.

Mpangaji wa Zamani

Nimewasoma wote kwa makini, na naomba kusema jambo ambalo halijaguswa. Mwenye jengo anayetaka ndege na maua anajua anachokitaka. Ukuta uliopambwa hupendeza wageni, wageni huleta mikahawa, na baada ya muda kodi ya nyumba hupanda hadi wale waliosimuliwa ukutani wanashindwa kuishi chini ya picha zao. Sisemi kwamba mchoro peke yake hufanya hivyo, bali hutumiwa kutangaza mtaa kwa wanunuzi. Msanii wa Italia anayejulikana kwa jina la Blu alikuwa na michoro miwili mikubwa Berlin, katika eneo la Kreuzberg, iliyopendwa na kupigwa picha na watu wengi. Desemba 2014 ilipakwa rangi nyeusi yote kwa ridhaa yake mwenyewe, ili isitumike kupandisha thamani ya majengo mapya yaliyokuwa yakipangwa kando yake. Iliniuma, na bado naamini alikuwa sahihi.

Mfano wa pili unahusu matakwa ya mwenye ukuta. Mwaka 1932 David Alfaro Siqueiros, mchoraji wa Mexico, aliagizwa kuchora mandhari ya nchi za joto juu ya barabara ya kitalii ya Los Angeles. Badala ya kuchora pepo ya matunda na ndege, alimchora mwenyeji wa asili wa bara la Amerika akiwa amesulubiwa, na juu yake tai wa Marekani. Sehemu iliyoonekana kutoka barabarani ilipakwa chokaa ndani ya muda mfupi, na baadaye mchoro wote. Ilipita miaka 80 kabla haujafunguliwa tena kwa umma, mwaka 2012, baada ya kazi kubwa ya uhifadhi. Yeyote anayedhani kwamba ndege na maua ni uchaguzi usio na msimamo aukumbuke ukuta ule.

Kwa maoni yangu, kamati isiogope kumwambia mwenye jengo kwamba wakazi ndio watakaoamua maudhui, na kwamba yeye ana haki ya kukataa matusi na matangazo, basi. Akikataa, tafuteni ukuta mwingine. Wakazi wa Barrio Logan, San Diego, walikalia ardhi iliyo chini ya daraja mwezi Aprili 1970 walipoona kituo cha polisi kinaanza kujengwa mahali walipoahidiwa bustani, na michoro maarufu ya nguzo za daraja lile ilianza mwaka 1973, baada ya bustani kupatikana. Walianza na haki ya kuwa pale, rangi ikafuata.

Msoma Sheria

Namuunga mkono aliyetangulia kuhusu maudhui, ila napenda kuongeza kwamba msimamo bila maandishi haufiki mbali. Mwanamtaa ameandika kwamba mwenye jengo “amekubali”, bila kutaja mkataba. Hilo ndilo linalonitia wasiwasi kuliko yote.

Kesi inayotajwa mara nyingi ni ya 5Pointz, majengo ya kiwanda huko Queens, New York, ambayo mmiliki aliwaruhusu wasanii kuyapulizia rangi kwa miaka mingi. Alipoamua kujenga ghorofa mpya, kuta zilipakwa rangi nyeupe usiku mmoja wa Novemba 2013. Wasanii 21 walishtaki kwa kutumia sheria ya Marekani ya mwaka 1990 inayolinda haki za wasanii wa sanaa za macho, na mwaka 2018 mahakama iliwapa fidia ya dola milioni 6.75, uamuzi uliothibitishwa na mahakama ya rufaa mwaka 2020. Walipata fidia, lakini michoro haikurudi. Isitoshe, ulinzi wa aina hiyo haupo kila nchi. Mkataba wa Berne, ule wa kimataifa wa hakimiliki, unampa msanii haki ya kupinga kazi yake kupotoshwa au kuharibiwa kwa namna inayomvunjia heshima, lakini hautaji waziwazi kuangamizwa kabisa kwa kazi hiyo, na mahakama za nchi mbalimbali zimelitafsiri suala hilo kwa namna tofauti.

Kwa hiyo andikeni. Mkataba utaje muda ambao ukuta utaachwa kama ulivyo, notisi ya maandishi ambayo mmiliki atatoa kabla ya kuufuta ili upigwe picha na kumbukumbu zihifadhiwe, nani atalipia marekebisho, na kwamba masharti hayo yatamfunga pia mnunuzi endapo jengo litauzwa. Suala hili la mwisho hutegemea sheria ya ardhi ya kwenu, na mwanasheria wa hapo mlipo aliangalie kabla ya kutia saini. Mkataba wa pili uwe kati ya kamati na mchoraji, useme nani ana hakimiliki na kama picha ya mchoro inaweza kutumiwa kibiashara.

Mwanamtaa

Nawashukuru sana. Nimewasomea wajumbe wa kamati majibu haya yote, na tumekubaliana kuahirisha kura, kumwandikia mwenye jengo rasimu ya mkataba, na kumwita fundi akague mfereji wa paa, kwa sababu kweli kuna alama ya maji upande wa kushoto. Limebaki swali moja. Vijana wanauliza: ile sehemu ya chini yenye grafiti itafutwa au itabaki?

Brashi Pana

Ibaki, lakini iingizwe katika mpango. Pigeni picha grafiti iliyopo, kipande kwa kipande, kabla fundi hajagusa lipu, kisha tengeni ukanda wa chini, kimo cha mtu, uwe wa vijana kuubadilisha wanapotaka, na mkataba uutaje ukanda huo waziwazi ili mwenye jengo asije akauona kama uharibifu. Mchoro wa juu uanzie pale mkono wa mtu aliyesimama usipofika. Ule ukanda msiupake tabaka la kuzuia grafiti, kwa kuwa mtakuwa mmewapa ukuta kwa mkono mmoja na kuwanyang'anya kwa mwingine. Kuhusu nani apange zamu za ukanda huo, waachieni vijana wenyewe, na mmoja wao aingie katika kamati kabla ya mkutano ujao.