Boti ya matanga futi 36 "imekarabatiwa yote": nikague nini kabla ya kutoa hela?

MsafiriMafia

Wakuu, habari za leo. Kuna boti ya matanga inauzwa, iko kwenye boya hapa Msasani, Dar. Futi 36, faibaglasi, ya mwaka 1988, mkuku (uti wa chini wa boti) wa chuma umefungwa kwa bolti, sehemu inayokaa chini ya maji ni mita 1.8. Injini ni Yanmar 3GM30F. Muuzaji anasema imekarabatiwa yote: sitaha rangi mpya, malengelenge ya faiba chini ya boti yametibiwa kwa epoksi, betri za lithiamu, sola, na nyaya za mlingoti zimebadilishwa. Risiti ya nyaya hana. Nataka niende nayo Mafia na Kilwa na familia. Amekubali ipandishwe nchi kavu kwa gharama yangu. Nianzie wapi, na nikiona nini niachane nayo?

FundiFaiba

Mkuu, anzia kwenye sitaha, maana rangi mpya ndiyo inayoficha mengi kuliko kitu kingine chochote kwenye boti.

Sitaha za boti nyingi za miaka hiyo ni tabaka mbili za faiba na katikati kuna mti wa balsa. Maji yanaingia kwenye matundu ya bolti: za reli, za winchi, za vyuma vinavyoshika nyaya za mlingoti. Balsa inalowa, inaoza, na juu huoni kitu. Chukua nyundo ndogo ya plastiki ugonge kila sentimita 10, hasa kuzunguka mguu wa mlingoti na chini ya winchi. Mlio mkali na mkavu, salama. Ukizima ghafla ukawa mzito, chora mpaka wake kwa chaki na uendelee. Ukimaliza, simama utazame chaki. Viraka vya ukubwa wa sahani vinatengenezeka: unakata ngozi ya juu, unatoa balsa iliyooza, unakausha, unaweka mpya na kufunika kwa mkeka wa faiba na epoksi. Mlio mzito ukienea robo ya sitaha, mimi ningeiacha, hata bei ikishuka vipi.

Kisha ingia ndani, fungua makabati ya pembeni, utafute pale vyuma vya nyaya vinapopita sitaha na kufungwa kwenye kiambaza cha mbao. Choma mbao kwa bisibisi. Ikizama, uzito wote wa mlingoti unashikwa na mbao iliyooza. Mwambie muuzaji achomoe chuma kimoja, kimoja tu. Stenlesi inang'aa juu na chini, lakini pale katikati ya sitaha, palipolowa bila hewa, ndipo inapoliwa. Ukiona vishimo vidogo au mstari wa kahawia unaovuka chuma, hesabu vyote ni vya kubadilisha.

Nyaya zisizo na risiti zihesabu ni za zamani. Kwa jua na chumvi yetu, miaka 10 ni umri wa kuzibadilisha, na kampuni nyingi za bima huanza kuuliza hapo hapo. Pitisha kitambaa laini kwenye waya: kikinasa, kuna uzi uliokatika. Tazama kwa kioo cha kukuzia pale waya unapoingia kwenye kikombe cha chini (kishikio cha chuma cha mwisho wa waya), kwa sababu maji hutuama humo. Ufa wa wima hapo hauna mjadala, waya huo umekwisha.

Malengelenge: muulize gamba la juu lilichunwa lote au yalizibwa yaliyoonekana tu? Na boti ilikauka wiki ngapi kabla ya epoksi? Kwa unyevu wa Dar, kukausha vizuri ni kazi ya miezi. Kama yalizibwa tu, yatarudi. Hata hivyo malengelenge machache hayazamishi boti, kwa hiyo usiyape uzito kuliko mambo niliyotaja juu.

DizeliTu

Injini hiyo ni nzuri na vipuri vyake bado vinatengenezwa, ila ina tabia zake.

Fika bila kupiga simu, uiguse. Ikiwa ya moto, imewashwa kabla hujafika, rudi siku nyingine. Ikiwa baridi inatakiwa ishike ndani ya sekunde chache. Moshi mweupe kidogo mwanzoni si tatizo. Wa buluu unaoendelea ni oili inaungua. Mweusi ukikanyaga mafuta maana yake injini imeelemewa au haipati hewa.

Kipimo chenyewe ni baharini: weka gia, fungua mafuta yote kwa dakika 10. Injini hii inatakiwa ikaribie mizunguko 3,600 kwa dakika. Ikigoma 2,800, basi ni mojawapo ya haya: chini kumejaa makombe, pangaboi ni kubwa kupita kiasi, nozo zimechoka, au kiwiko cha eksosi kimeziba kwa masizi. Kiwiko ndicho cha kwanza kushuku. Kifungue, ni bolti chache. Tundu likiwa limebaki upana wa kidole, badilisha. Huko ndani maji ya chumvi hukutana na moshi wa moto, kwa hiyo chuma huliwa hadi kutoboka, na maji yanaweza kurudi kwenye silinda.

Chungulia pia tangi la dizeli. Vuta mafuta ya chini kabisa kwa mpira uyaweke kwenye chupa nyeupe. Utando mweusi wenye mlenda ni vijidudu vinavyoishi kati ya maji na dizeli. Vinaziba chujio siku yenye mawimbi, sio siku bahari imetulia.

Betri za lithiamu: je, alteneta inazichaji moja kwa moja? Lithiamu inavuta umeme mwingi bila kupumzika, na alteneta ya kawaida inaweza kuungua. Lazima pawe na chaja ya kati inayopunguza. Fyuzi nayo ikae karibu na nguzo chanya ya betri, isizidi sentimita 18. Waya wa nyumbani usiopakwa bati, ukiumenya na kukuta shaba nyeusi, jua aliyefunga hakuwa fundi wa boti.

MsafiriMafia

Asanteni sana. Kreni ni ghali. Siwezi kuikalisha mchangani siku za bamvua (maji yanapojaa na kupwa sana) maji yakipwa, nikakagua chini?

BishoJoshi

Bamvua ya hapa inashuka zaidi ya mita 3, kwa hiyo maji yanatosha kuondoka. Tatizo ni huo mkuku mwembamba: mchangani italala ubavu. Labda ukutani, penye sakafu ngumu, ukiwa umeiegemeza na kuifunga kamba ya mlingotini. Hapo unaweza kukagua valvu za kupitisha maji ya bahari, pangaboi na vipande vya zinki vinavyokinga vyuma visiliwe. Kwaruza valvu kwa kisu: njano ni sawa, waridi maana yake zinki imetoka kwenye shaba na itavunjika mkononi.

Lakini kwa mkuku lipia kreni. Boti ikikalia mkuku, uzito wake unafunga ule mshono kati ya mkuku na bodi. Ikining'inia, mkuku unavuta chini na mshono unafunguka. Tazama ikiwa hewani. Ufa mwembamba wa rangi mbele ni kawaida. Kutu inayochuruzika, au maji yanayotoka, si kawaida. Kisha inua mbao za sakafu ndani uangalie mbavu za nyuma ya mkuku. Boti iliyogonga matumbawe ya visiwa vya Mbudya au Bongoyo kwa kasi husukumwa kwa ndani pale nyuma, na mbavu hupasuka au hubanduka. Nyufa hapo ndizo za kukufanya uage kwa adabu.

Jaribio la matanga lifanye mchana wa kusi, upepo wa noti 15 hadi 20. Mafia iko kusini, na kusi ikivuma utapiga bisho (kwenda kwa kukata huku na huku dhidi ya upepo), upepo na mkondo wa kwenda kaskazini vyote usoni, kwa hiyo usiijaribu na upepo wa nyuma peke yake. Wakati wa bisho fungua na funga mlango wa choo, halafu geuza upande wa pili ufanye hivyo tena. Ukikwama, bodi inajipinda. Nyaya za mlingoti za upande usiopigwa na upepo zikilegea kidogo ni sawa, zikipepea hazijakazwa au kuna kitu kimesogea. Matanga yakwaruze ukucha kwenye mishono: uzi ukikatika, jua limeshaula, peleka kushonwa upya.

Karani_wa_Bandari

Upande wa karatasi, fupi tu. Bara usajili ni TASAC, Zanzibar ni ZMA. Ikiwa na bendera ya nje, taka hati ya kufutwa kwenye daftari la huko, na uulize TRA (mamlaka ya mapato) kwa maandishi kama ushuru ulishalipwa au iliingia kwa kibali cha muda. Redio iombee leseni TCRA (mamlaka ya mawasiliano). Kifaa cha kuita msaada kwa setilaiti kimewekewa namba ya nchi ya bendera ya zamani, lazima kiprogramiwe upya, la sivyo waokoaji watampigia simu mwenye boti wa zamani.

Malipo ya awali asilimia 10, na mkataba uandikwe kwamba yanarudi yote kama ukaguzi wa nchi kavu au jaribio la bahari halikukuridhisha.