Baka jekundu kwenye kope la mtoto linakua. Nisubiri?

Mama wa Sakina: Habari zenu wakuu. Nipo Arusha, binti yangu ana wiki tisa. Alipozaliwa kope la juu lilikuwa na alama hafifu tu, nikadhani alibanwa wakati wa kutoka. Sasa limevimba, jekundu limekolea, ukiligusa ni laini na akilia linazidi kutuna. Jicho halifunguki lote. Kliniki nimeambiwa litaisha lenyewe. Mama mkwe anasema niliangalia mwezi ukipatwa nikiwa mjamzito, anataka tupake majani. Sina amani kabisa.

Ndizi Mshare: Pole sana dada. Usipake chochote karibu na jicho. Na hukumkosea mtoto lolote, hayo ya mwezi mjibu mama kwa heshima tu yaishe.

Tabibu wa Moshi: Hapo kwenye "alama hafifu" umesema jambo kubwa. Baka lililokuja au kukua baada ya kuzaliwa, likatuna, linaelekea kuwa hemanjioma ya watoto wachanga: uvimbe wa vijishipa vya damu, si kansa. Hukua kwa kasi miezi 3 ya mwanzo, nyingi humaliza kukua kufikia miezi 5, kisha husinyaa taratibu kwa miaka. Ukiona uvimbe ambao mtoto kazaliwa nao umeshakamilika, hiyo ni aina nyingine. Na baka bapa la zambarau, lisilotuna, halifutiki. Likiwa kwenye paji la uso au kope, mtoto hupimwa presha ya jicho na kufuatiliwa kwa degedege.

Aliyekuambia litaisha hakudanganya, ila hakuangalia lilipo. Jicho la mtoto linajifunza kuona sasa hivi. Likifunikwa, ubongo unaacha kulitumia, na uvimbe ukija kusinyaa kuona hakurudi kirahisi. Omba rufaa hospitali ya KCMC, hapa Moshi, wiki hii, wana madaktari wa ngozi na wa macho. Nenda na picha zote za simu tangu alipozaliwa, zitamsaidia daktari kuliko maelezo.

Baba Pacha: Wa kwetu lilikuwa begani, tukaambiwa tusubiri, na kweli lilisinyaa.

Tabibu wa Moshi: Sawa kabisa, begani halizibi kitu. Yaliyo kidevuni na shingoni yanaweza kuwa na mwenzake kooni, mtoto akaanza kukoroma. Mabaka ya hivi yakiwa 5 au zaidi mwilini, ini huangaliwa kwa ultrasaundi.

Mama wa Sakina: Mungu awabariki, tumetoka huko. Ni hemanjioma. Kapewa propranololi ya maji. Lakini si dawa ya presha hiyo?

Tabibu wa Moshi: Ndiyo hiyo hiyo. Madaktari wa Bordeaux, Ufaransa, waliona inasinyaza uvimbe huu, wakachapisha mwaka 2008. Mpe akiwa ananyonya au ametoka kunyonya. Akitapika au akigoma kunyonya, usimpe dozi hiyo, piga simu kwa daktari, maana sukari inaweza kushuka. Dozi inafuata uzito, kwa hiyo kadi ya kliniki usiiache nyumbani.