Eti historia ya New Haven Green nimeisoma kwenye SINKI?!

Wakuu nimeshindwa kulala, acha nimwage hapa hapa. Mlioko New Haven huku Marekani mnamjua, sina haja ya kumtaja, yule wa koti refu ambaye hata ukimuuliza choo kiko wapi anaanza na "mimi nilipokuwa Yale", chuo kikuu cha hapa. Leo alikuwa anawatembeza wageni pale Green, uwanja wa wazi wa katikati ya mji, mimi natoka zamu napita niwasalimie, nakuta kasimama karibu na kanisa la Center Church, paja la kuku mkononi, anatangaza eti hapa palikuwa pori tu, Yale ndio wakapafyeka ili wanafunzi wao wapate pa kuchezea mpira.

Nikamwambia kwa heshima zote, kaka samahani, huu uwanja waliupima Wapuritani wa Kiingereza 1638, mji wote wakauchora miraba tisa, ule wa katikati wakauacha wa watu wote. Chuo chenyewe kimeanzishwa 1701 tena huko Saybrook, hapa kimehamia 1716. Sasa mjukuu atamzaaje bibi?

Akanitazama. Akamaliza kutafuna. Mbele ya wageni, mbele ya watoto wa watu, akaniambia "wewe wa jikoni, hiyo historia umeisoma kwenye sinki?" Na akacheka kicheko kile mpaka njiwa wote wa Green wakahamia Bridgeport.

KWENYE SINKI.

Halafu mfupa wa kuku akautupa pale pale kwenye nyasi!! Jamani pale chini kuna watu wamelala! Walikuwa wanazika hapo toka mwanzo wa mji, homa ya manjano ilipopiga miaka ya 1790 pakawa hapatoshi ndio yakafunguliwa makaburi ya Grove Street, na 1821 wakahamisha mawe tu, maiti wakabaki, maelfu. Shuka chini ya Center Church uone, kanisa limejengwa juu ya makaburi na mawe yake yamesimama humo ndani mpaka leo. 2012 kimbunga Sandy kilipoung'oa ule mti wa mwaloni wa kumkumbuka Rais Lincoln uliopandwa 1909, mizizi ilitoka na mifupa ya watu! Halafu mtu anatema kuku hapo na mimi ndio naambiwa sinki?

Na uwanja sio wa Yale hata leo, wala sio wa manispaa, una kamati yake ya watu watano, akitoka mmoja wenyewe wanachagua mwingine, ndio utaratibu wao toka zamani. Hilo angelijua asingenitajia sinki mbele za watu.

Mjukuu_wa_Pangani: Pole mkuu. Ila swali hujajibu, kwenye sinki ulisoma au hukusoma?

ChapatiMoja: 😂😂 umeandika tarehe nyingi kuliko risiti ya Walmart, yote kisa sinki

Mama Furaha: Ule mutu siye wote tunamujua. Batoto yangu aliwaambia ile sanamu ya Amistad ni ya muchezaji wa mupira.

Mwenye uzi: Mama Furaha usinipandishe presha. Wale ni Waafrika walioteka meli ya Amistad iliyokuwa inawapeleka utumwani, 1839 wakawekwa jela pembeni ya Green, watu wakawa wanalipa kiingilio kwenda kuwatazama, na walikuwa wanatolewa pale uwanjani wanyooshe viungo. 1841 Mahakama Kuu ya Marekani ikawaachia huru. Sanamu iko City Hall kwa sababu jela ilikuwa hapo hapo. Sengbe Pieh, kiongozi wao, anaitwa mcheza mpira halafu mimi ndio wa kwenye sinki!

kijana_wa_Eastleigh: Buda tulia. Angalau wewe umetukanwa mchana. Sisi wa zamu ya usiku tunasimama hapo Chapel Street kungoja basi mpaka masikio yanakufa ganzi, na hakuna anayetufungulia uzi.

ChapatiMoja: Basi la jioni ndio usiseme, juzi dereva kaniona nakimbia, kaniangalia vizuri kabisa, akafunga mlango

Bi Zuhura: Nyie mnalia na basi, huyo huyo wa koti alichukua sufuria langu kubwa la pilau siku ya Idi, eti atalirudisha kesho. Limeliwa mpaka leo.

Mama Furaha: Aliazima na yangu ya bugali!!

Mjukuu_wa_Pangani: Kumbe ndio maana ana uchungu na masinki, ana masufuria ya mji mzima hayajaoshwa

Mwenye uzi: Jamani turudi kwenye 1638

Bi Zuhura: 1638 sio mali yangu, sufuria ni mali yangu. Nani anajua anakaa ghorofa ya ngapi?

kijana_wa_Eastleigh: Ya tatu. Lakini ukienda na gari huko hakuna parking, mimi walinipiga faini nikiwa bado nimekaa ndani ya gari

ChapatiMoja: Faini shilingi ngapi? Fungua uzi wake