Wakuu, nitatambuaje infinitivu kwenye sentensi ya Kiingereza?

Daftari Wazi: Wakuu, naombeni msaada wa haraka. Ninavyojua mimi, infinitivu ni "to" ikifuatwa na kitenzi, basi. Kanuni hii inatosha? Nahitaji uhakika kabla ya kesho asubuhi.

Kalamu Nyekundu: Haitoshi, mkuu. Kuna infinitivu yenye "to" na kuna kapa, isiyo nayo. Kapa hufuata can, must, should na wenzake. Hufuata pia let, make, see na hear, baada ya kumtaja mtendwa: "They made him wait." Ukiigeuza iwe kauli ya kutendwa, "to" inarudi: "He was made to wait." Hapo wengi hukwama. Help inakubali zote mbili.

Msomaji wa Pembeni: Mimi kinachonikera ni watu kuchomeka neno katikati, "to fully understand". Hilo ndilo la kukemea.

Bi Sarufi: Hajauliza hilo, ndugu, na si kosa la sarufi. Daftari, leta sentensi yenyewe.

Daftari Wazi: Haya. Nimesahihisha karatasi 43. Swali: pigia mstari infinitivu. Kwenye "We look forward to meeting her" waliopigia "to meeting" nimewapa maksi. Kwenye "She must have left" waliopigia "have left" nimewakosesha, maana "to" haipo. Maksi nimeshajaza kwa wino. Kwa kiwango chao nadhani si mbaya.

Bi Sarufi: Ni mbaya, mwalimu. "To" hiyo ni kihusishi. Weka nomino mahali pa kitenzi: "We look forward to the party" inakubali, kwa hiyo kitenzi kitakachokaa hapo kitavaa -ing. "We want to the party" inakataa, kwa hiyo "to" ya want ni ya infinitivu. Angalia pia "She used to work" na "She is used to working": ya kwanza ni infinitivu, ya pili siyo.

Kalamu Nyekundu: Na "have left" ni infinitivu timilifu, imekuwa kapa kwa sababu ya must. Ku- yetu peke yake haiwezi kubeba utimilifu huo, ndiyo maana "to have left" tunaiita "kuwa ameondoka". Maumbo mengine: to be writing, to have been writing, to be written, to have been written. Ondoa "to": neno la kwanza lazima liwe ghafi, yaani be, have au write. Ukikuta is, has au wrote, hiyo si infinitivu.

Popo: Uzi wa kutunga huu. Huyu ni mwanafunzi aliyekosa maksi, anatafuta hoja za kumbana mwalimu wake.

Daftari Wazi: Sijatunga. Karatasi ya saba ninayo hapa. Mtoto alipigia mstari "have left", akaufuta, akauhamishia kwenye "must". Alama ya ufutio bado inaonekana. Basi hiyo nitairekebisha. Ya "meeting" niiache?

Bi Sarufi: Usiiache. Na kama kulikuwa na sentensi ya hear, umeisahihishaje?

Daftari Wazi: "We heard her sing." Wote waliopigia "sing" nimewakosesha.

Kalamu Nyekundu: Anza na hiyo, mwalimu. "Sing" ni kapa. Ingekuwa "heard her singing", hapo ungekuwa sahihi.