Mnara wa askari wa Kusini pale Arlington: urudi au usirudi?

MLETA MADA
Wakuu, salaam. Tujadili hili bila kutupiana maneno. Katika makaburi ya kitaifa ya Arlington, jirani na Washington, kuna sehemu walikozikwa askari wa majimbo ya Kusini yaliyojitenga na Marekani na kupigana vita vya 1861 hadi 1865. Katikati yao ulisimama mnara wa shaba uliozinduliwa 1914 mbele ya Rais Woodrow Wilson. Desemba 2023 uliondolewa, baada ya Bunge lao kutunga sheria ya kulitaka jeshi liachane na majina na alama za kuwatukuza waasi wale. Agosti 2025 Waziri wa Ulinzi, Pete Hegseth, akatangaza kwamba utarudishwa.

Wanaoshangilia wanasema mpiganaji ni mpiganaji, hata aliyeshindwa apewe heshima yake. Mimi napinga. Heshima ya askari wale ni makaburi yao, na hayo yapo palepale. Mnara ulikuwa na lake la kusema. Tazama sanamu zilizouzunguka: mwanamke mtumwa amempakata mtoto mchanga wa ofisa wa kizungu, na mwanamume mtumwa anamfuata bwana wake vitani. Hakuna mnyororo, hakuna mnada. Ukitoka hapo utadhani utumwa ulikuwa undugu. Halafu kuna maandishi ya Kilatini: upande ulioshinda uliwapendeza miungu, ulioshindwa ukampendeza Cato, kiongozi wa Roma ya kale aliyesimama na walioshindwa. Yaani tumepigwa, ila haki ilikuwa yetu.

MCHANGIAJI WA KWANZA
Mkuu, hapo umeruka jambo kubwa. Aliyeuchonga, Moses Ezekiel, alikuwa mpiganaji mwenyewe. Alikuwa mwanafunzi wa chuo cha kijeshi cha Virginia, akapelekwa na wenzake kupigana New Market, mji wa Virginia, Mei 1864, akiwa na miaka 19. Alipofariki akazikwa chini ya mnara huohuo. Kwake yeye lile ni jiwe la kaburi, sasa unasemaje makaburi hayakuguswa?

Pia sehemu ile ilitengwa kwa idhini ya Bunge mwaka 1900 ili pande mbili zipatane. Mwaka 1913 wazee zaidi ya 50,000 waliopigana vita vile walikutana Gettysburg, palipopiganwa moja ya mapigano yake makubwa, wakapeana mikono. Wenye vita yao wamemaliza, sisi tunaendeleza ya nini?

MCHANGIAJI WA PILI
Walimaliza Wazungu kwa Wazungu! Askari weusi wapatao 179,000 walilipigania jeshi la Kaskazini, yaani la serikali ya Marekani. Mweusi alilipwa dola 10 kwa mwezi, zikakatwa 3 za sare. Mweupe alipata 13 na sare juu. Kikosi cha 54 cha Massachusetts kilikataa kugusa mshahara huo kwa zaidi ya mwaka, hadi Bunge liliposawazisha Juni 1864. Sajini William Walker wa South Carolina hakufika huko. Aliwaongoza wenzake kuweka bunduki chini wakidai malipo sawa, akapigwa risasi Februari 1864 kwa kosa la uasi. Jeshi lililomuua ni lilelile alilolitumikia.

Njoo kwenye pensheni sasa. Karani anataka uthibitisho wa kuzaliwa na wa ndoa, kwa mtu aliyezaliwa utumwani, ambako ndoa yake haikutambuliwa na sheria! Harriet Tubman, mwanamke mweusi aliyelitumikia jeshi la Kaskazini kama muuguzi na jasusi, alikuwa kiongozi katika uvamizi wa mto Combahee, South Carolina, Juni 1863, uliowaokoa watumwa zaidi ya 700. Pensheni yake ya kwanza, dola 8 kwa mwezi, aliipata miaka ya 1890 kama mjane wa askari. Mwaka 1899 ikapanda hadi 20, kwa kumhesabia uuguzi. Ujasusi wake haukuhesabiwa. Anayetaka heshima kwa wapiganaji wote aanze na hawa.

MCHANGIAJI WA TATU
Mbona kuna weusi waliolipwa pensheni na majimbo ya Kusini? Mississippi ilianza 1888. Si ushahidi kwamba nao walipigania Kusini?

MCHANGIAJI WA NNE
Mambo ya Wamarekani haya, yanatuhusu nini?

MLETA MADA
Wa nne, merikani waliyojifunga mababu zetu kuanzia Zanzibar hadi Unyamwezi ilifumwa Massachusetts kwa pamba iliyochumwa na watumwa wa Kusini. Vita vilipoanza ikaadimika madukani Zanzibar. Yanatuhusu kidogo.

Wa tatu, Mississippi iliwalipa kama watumishi wa askari. Walikuwa watumwa waliopelekwa kupika, kufua na kuchimba mahandaki. Bunge la Kusini liliruhusu kuandikisha askari weusi Machi 1865, na kabla ya mwezi kwisha tangu hapo Jenerali Lee, mkuu wa majeshi ya Kusini, akasalimu amri. Ukishapitisha sheria ya kuwaruhusu, umekiri kwamba hawakuwamo.

Wa kwanza, hoja ya Ezekiel ina uzito, sikatai. Lakini waliouondoa mnara waliuacha msingi wake wa granaiti makusudi ili makaburi yasivurugwe. Jaji aliyekuwa na kesi ya kuzuia kazi hiyo alikwenda kujionea, akaruhusu iendelee. Jiwe la kaburi lenye jina la Ezekiel litunzwe, nitakuwa wa kwanza kuunga mkono.

MCHANGIAJI WA TANO
Kuna sheria ya 1958 inayosema askari wa Kusini ni askari wastaafu wa Marekani sawa na wengine. Kesi imekwisha.

MLETA MADA
Haijaisha. Sheria ile ni ya pensheni, na waliofaidika ni wajane. Neno hilo limepanuliwa kwa ajili ya kifungu hicho cha malipo tu.

Na ukitaka kujua serikali ilivyohesabu utumishi, mtazame Mose Triplett wa North Carolina. Alianza jeshi la Kusini, akatoroka 1863, mwaka uliofuata akajiunga na Kaskazini. Binti yake Irene alilipwa dola 73.13 kila mwezi mpaka alipofariki 2020, na pensheni hiyo ilitokana na utumishi wa baba upande wa Kaskazini. Wa kwanza, bado nasubiri jibu lako kuhusu ule msingi.