Tupeane uzoefu: mzee kuweweseka baada ya upasuaji wa nyonga

Mwanamvua_T: Juzi jioni, siku ya pili tangu mama (miaka 81) afanyiwe upasuaji wa nyonga, aling'oa dripu, akaniita kwa jina la marehemu dada yake, akashikilia kuwa kuku wake wamefunguliwa na wako chini ya kitanda. Asubuhi alikuwa timamu kabisa, akaomba uji. Jioni yakaanza upya. Kinachoniuma ni kwamba miwani yake nilikuwa nayo mkobani muda wote, kwa kuogopa isiibiwe.

Kibwana88: Pole sana, dada. Babu yetu alikuwa vivyo hivyo.

MzeeWaNgamiani: Hayo ni majini, humwingia mtu akishapigwa nusu kaputi. Sisi tulisoma Yasini, akatulia.

Sista_Zai: Shikamoo, mzee wangu. Yasini isomwe, na sauti aliyoizoea humtuliza mgonjwa kweli, lakini sababu nayo itafutwe: maumivu, choo kilichofunga, upungufu wa maji, maambukizi. Wodini kwetu baba mmoja alipiga kelele usiku kucha hadi tukafikiria kumfunga mikono, kumbe mpira wa mkojo ulikuwa umejikunja chini ya paja. Tulipounyoosha mfuko ulijaa, naye akalala. Diazepamu ya kumtuliza mara nyingi huzidisha hali.

Kidume_Tz: Ndiyo maana nasema wazee wote wachomwe sindano ya ganzi ya mgongo badala ya nusu kaputi.

Sista_Zai: Utafiti wa Marekani na Kanada uliochapishwa mwaka 2021, wenye wagonjwa 1,600 waliovunjika nyonga, haukuona tofauti ya maana ya kuweweseka kati ya sindano hiyo na nusu kaputi.

Kidume_Tz: Utafiti wa Wazungu huo.

Bi_Rehema: Wa kwetu hakupiga kelele hata kidogo. Alilala tu, hali chakula, hajibu, nasi tukashukuru kwamba amepumzika, mpaka siku ya tatu daktari alipogundua kuwa amechanganyikiwa na ana nimonia. Muogopeni zaidi anayenyamaza.

Kibwana88: Muwekeeni redio, ajue leo ni siku gani.

Bi_Rehema: Shangazi yangu aliwekewa, akabishana na mtangazaji hadi alfajiri. Usiku zimeni kila kitu alale.

Mwanamvua_T: Miwani ameivaa tangu jana, na leo wamemkalisha kitini. Tatizo ni mlinzi, ananitoa saa kumi na mbili jioni, ambayo ndiyo saa yenyewe yanapoanza.

Sista_Zai: Mwombe muuguzi wa zamu akuandikie kibali cha ndugu mmoja, na umwambie sababu ni hiyo.